Aliyeua husikilizwa, aliyeiba je?

Muhula uliopita nilialikwa katika shule moja ya upili niwe mwamuzi wa mjadala wa wanafunzi. Hoja iliyowekwa mezani ilikuwa ya kawaida, ya zile ambazo sisi walimu huzitoa kabatini kila mwaka na kuzipangusa vumbi: kwamba adhabu ya kifo ifutiliwe mbali. Watetezi walisema yao, wapinzani wakajibu, Biblia na Kurani zikanukuliwa pande zote mbili, nami nikawa naandika alama zangu kwa utulivu wa mtu aliyeyasikia hayo mara nyingi. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye hata hakuwa miongoni mwa wasemaji, aliponyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, ni kweli kwamba hapa kwetu aliyeua mtu husikilizwa kabla ya kupimiwa adhabu, lakini aliyemnyang'anya mtu simu hasikilizwi?"

Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nilijua kwamba jibu ni ndiyo. Nilianza kumweleza, lakini kengele ya chakula ilinikatiza nikiwa bado katikati ya maelezo, na nimeona ni vyema niyamalizie hapa, ambapo hakuna kengele.

Walimu wenzangu wa Kiswahili watanisamehe nikianza na neno. Neno hukumu tunalitumia kwa mambo mawili. Tunasema jaji ameandika hukumu, yaani ameamua nani ana hatia na nani hana. Tunasema pia kwamba fulani amehukumiwa miaka kumi, yaani amepimiwa adhabu. Lugha imeyafungasha mambo hayo katika furushi moja, lakini mahakama huyatenganisha. Kwanza kosa huthibitishwa. Kisha, kabla adhabu haijatamkwa, aliyepatikana na hatia huulizwa kama ana la kusema. Hapo ndipo hueleza kwamba hilo ni kosa lake la kwanza, kwamba alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, kwamba alivutwa na waliomzidi umri, kwamba amejuta na yu tayari kulipa. Kiongozi wa mashtaka naye hueleza ya upande wa pili: kwamba huyu amewahi kufungwa kwa kosa kama hilihili, kwamba aliyeshambuliwa amepoteza jicho. Baina ya hatia na adhabu pana upenyo, na katika upenyo huo ndimo mtu hutazamwa kama mtu, si kama nambari ya kesi.

Zipo sheria zinazouziba upenyo huo. Kwa Kenya, iliyo kali kuliko zote ni ile ya wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu. Kifungu hicho kinasema kwamba mtu akiiba kwa nguvu au kwa vitisho huku amejihami kwa silaha ya hatari, au akiwa pamoja na mwenzake mmoja au zaidi, au akimjeruhi au kumpiga mtu, atahukumiwa kifo. Msomaji aliangalie vyema neno "au". Tangu miaka ya 1980 Mahakama ya Rufaa imeshikilia kwamba sharti moja tu kati ya hayo latosha. Maana yake ni kwamba vijana wawili wasio na hata kijiti mkononi, wakimtishia mpita njia na kumpokonya simu ya shilingi elfu tatu, wametenda kosa la kunyongwa, kwa sababu tu walikuwa wawili. Lau angekuwa mmoja, mikono mitupu, na asimguse mtu, angeshtakiwa kwa kifungu cha 296(1), ambacho adhabu yake haizidi miaka 14. Na kana kwamba hayo hayatoshi, kifungu cha 297(2) kinampa adhabu ileile ya kifo aliyejaribu tu akashindwa, akatoka mikono mitupu kama alivyoingia.

Hakimu anayesikiliza kesi ya aina hii anaweza kumwuliza mshtakiwa kama ana la kujitetea kabla ya adhabu, na wengi huuliza kwa ustaarabu. Lakini lolote atakalolisema haliongezi wala halipunguzi. Sheria imekwisha kusema kabla yake.

Tulifikaje hapa? Serikali ya kikoloni ndiyo iliyotuzoesha kwamba kitanzi si cha muuaji peke yake. Wakati wa Hali ya Hatari watu zaidi ya 1,000 walinyongwa, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua bali kwa kupatikana na silaha au risasi, kulisha watu viapo, au kuonekana pamoja na wapiganaji wa msituni. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, alihukumiwa kwa kupatikana na bastola. Uhuru ulipokuja sheria hizo za dharura ziliondoka, ila mazoea hayakuondoka. Mapema miaka ya 1970, kwa hofu ya ujambazi, Bunge letu wenyewe liliufanya wizi wa mabavu kuwa kosa la kifo cha lazima. Nia haikuwa mbaya. Wabunge waliamini kwamba jambazi akiona kamba mbele yake atarudi nyumbani akalime.

Aliyeishi Nairobi miaka ya 1990 anajua kama majambazi walirudi kulima. Tena fikira hiyo ina kasoro ambayo Mwitaliano Cesare Beccaria aliionyesha tangu mwaka wa 1764: anachokiogopa mhalifu zaidi ni uhakika wa kukamatwa, si ukubwa wa adhabu ambayo hatarajii kamwe itamfika. Kisha lipo la pili, ambalo ni la kutisha zaidi. Ikiwa kunyang'anya kunaleta kifo na kuua kunaleta kifo, sheria imempa mnyang'anyi sababu gani ya kumwacha hai shahidi aliyemwona uso?

Jambo la ajabu ni kwamba Kenya yenyewe haikiamini kitanzi chake. Waliotiwa kitanzini mara ya mwisho ni wanajeshi waliohusika na jaribio la mapinduzi la 1982, na hiyo ilikuwa mwaka wa 1987. Tangu hapo hakuna aliyenyongwa, ilhali mahakama ziliendelea kuhukumu watu kunyongwa wiki baada ya wiki. Magereza yalijaa. Mwaka wa 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000, kutoka kifo hadi kifungo cha maisha, akitaja mateso ya kungoja miaka na miaka bila kujua siku. Mwaka wa 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747. Mwaka wa 2023 Rais William Ruto naye akawabadilishia waliokuwa wamehukumiwa kabla ya tarehe 21 Novemba 2022. Marais watatu, kalamu tatu, na kila mara chumba kilichofagiliwa kikaanza kujaa upya. Mwenye nyumba inayovuja huweka ndoo mara moja. Akiiweka mara ya tatu, jirani huanza kumwuliza habari za paa.

Paa lilianza kuguswa mahakamani. Mwaka wa 2010 Mahakama ya Rufaa, ikiketi Mombasa, iliamua katika rufaa ya Godfrey Ngotho Mutiso kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Mwaka wa 2013 mahakama ileile, ikiwa na majaji wengine, ikageuka. Mambo yakabaki yakiyumba hadi tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake, waliokuwa wamepatikana na hatia ya mauaji. Majaji hawakuifuta adhabu ya kifo. Walichokifuta ni ule ulazima. Walisema kwamba kumzuia mtu asisikilizwe kabla ya adhabu ni kumvua heshima yake kama binadamu na kumnyima kesi ya haki. Kisha wakaorodhesha mambo ambayo jaji anapaswa kuyapima: umri wa mkosaji, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, tabia yake, kama alitenda baada ya kudhulumiwa kijinsia, majuto yake, na uwezekano wa kurekebika na kurudi katika jamii.

Habari hiyo iliingia magerezani kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu walisoma uamuzi ule wakasema: hoja hii ni yetu pia. Nani angewalaumu? Mahakama nyingi zilikubaliana nao, na Mahakama ya Rufaa yenyewe ikakubali. Kwa muda wa miaka mitatu na zaidi, wafungwa walipeleka maombi, wakarudishwa kizimbani, wakasikilizwa. Baadhi walipewa miaka inayohesabika. Baadhi walionekana wamekwisha kutumikia ya kutosha, wakaenda nyumbani.

Halafu tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilitoa maelekezo. Uamuzi wa 2017, ilisema, ulihusu mauaji peke yake, kwa kuwa kesi iliyokuwa mbele yake ilihusu mauaji peke yake. Anayetaka kupinga adhabu ya lazima ya wizi wa mabavu, au ya kosa jingine lolote, na aanze upya Mahakama Kuu na kupanda ngazi moja moja. Kwa upande wa utaratibu, sina ugomvi na majaji. Mahakama huamua kilicholetwa mbele yake, na lililo la Bunge ni la Bunge. Lakini matokeo yake ni haya: watu wawili waliofungwa kwa sheria moja, pengine kwa tukio moja, mmoja ambaye faili lake lilipatikana mapema yuko kwao anachunga ng'ombe, na mwenzake ambaye faili lake lilichelewa kupatikana angali ndani. Hawatofautiani kwa lolote ila kasi ya karani.

Na ndiyo maana nilimjibu msichana yule kwamba ni kweli. Tangu mwaka wa 2017 aliyeua huulizwa, akajibu, na jibu lake likapimwa. Mnyang'anyi huulizwa kwa desturi tu.

Tena tofauti hii haianzii kwenye adhabu. Anayeshtakiwa kwa mauaji hufikishwa mbele ya Mahakama Kuu, na akiwa hana uwezo serikali humtafutia wakili. Anayeshtakiwa kwa wizi wa mabavu hushtakiwa mbele ya hakimu, na kwa miongo mingi aliyekosa fedha alijitetea peke yake, akimhoji polisi kwa Kiswahili cha mtaani, huku kinachomngoja ni kitanzi kilekile. Katiba ya 2010 iliahidi wakili wa serikali pale ambapo kumkosa kungeleta dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ikapitishwa mwaka wa 2016. Hata hivyo, kutoka karatasini hadi kizimbani ni safari ndefu.

Najua msomaji mmoja ameanza kukunja uso. Anasema: huyu mwalimu anawalilia wezi, na anayewalilia waliovunjiwa milango usiku ni nani? Malalamiko hayo ni ya haki. Jirani yangu mmoja, mama anayeuza samaki, alisimamishwa alfajiri akienda sokoni na vijana watatu. Walichukua mtaji wote, wakampiga hata mkono wake wa kulia haunyooki tena. Mimi ningetaka vijana hao wafungwe muda mrefu, na sioni aibu kusema hivyo. Ila mama yule alichokitaka mahakamani, kama alivyonieleza mwenyewe, ni kwamba hakimu ajue kuhusu mkono. Chini ya adhabu ya lazima, mkono wake hauna uzito wowote. Aliyevunjwa mkono na aliyetishwa tu, sheria imewaweka katika mizani isiyosogea. Upenyo ule ukizibwa, anayenyamazishwa si mkosaji peke yake.

Pingamizi la pili lina nguvu kuliko la kwanza. Wapo wanaosema kwamba adhabu zilizopangwa na Bunge ni kinga dhidi ya mahakimu waliolegea au walionunuliwa. Ukimwachia hakimu uhuru, maskini atapewa miaka 20 na tajiri atapewa onyo. Historia inawaunga mkono kiasi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, iliyofikishwa Bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu, iliweka viwango vya chini vya adhabu kwa sababu nzuri: kabla yake waliowaharibu watoto walikuwa wakiponyoka na vifungo vya kudhihaki. Mwalimu yeyote aliyewahi kumpeleka mwanafunzi wake kituo cha polisi kwa kesi ya namna hiyo anaijua thamani ya sheria ile.

Lakini sheria hiyohiyo inatuonyesha ubaya wa kipimo kisichotazama mtu. Mtoto akiwa wa miaka 16 au 17, anayepatikana na hatia hupewa miaka isiyopungua 15, awe ni mwanamume wa miaka 50 aliyemlaghai, awe ni kijana wa miaka 18 waliyekuwa wakikaa naye dawati moja. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Rufaa ililitaja jambo hili na kuwaomba Wakenya walijadili kwa uzito. Hatujalijadili. Wavulana wa vidato vya mwisho wanaosoma ukurasa huu, na wazazi wao, wangefaa kujua kwamba sheria haitawauliza kama walikuwa wanafunzi. Mwaka wa 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba viwango vya chini vya sheria hiyo vinawafunga mahakimu, na mwaka wa 2025 ikakataa tamko la Mahakama ya Rufaa kwamba kifungo cha maisha kisicho na kikomo ni kinyume cha Katiba. Mara zote mbili ilikumbusha kwamba kupanga viwango vya adhabu ni kazi ya Bunge.

Kwa dawa ya mahakimu walionunuliwa, mimi sioni kwamba ni kuwafunga mikono wote, waadilifu kwa wala rushwa. Mwaka wa 2016 Idara ya Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, ilitoa mwongozo wa utoaji adhabu, na mwaka wa 2023 ukaandikwa upya. Mwongozo huo unamtaka hakimu aanze mahali maalumu, aeleze kilichomfanya apande au ashuke, na aandike sababu. Hakimu aliyeandika sababu anaweza kukatiwa rufaa. Aliyejificha nyuma ya neno "lazima" hana cha kuulizwa. Tunao pia uzoefu wetu wa adhabu zisizo za jela. Tangu Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998, mwenye kosa linalostahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kuamriwa kufanya kazi ya umma badala ya kula ugali wa serikali. Nimewaona baadhi yao wakipaka rangi madarasa. Si wote waliobadilika, lakini madarasa yalipakwa rangi.

Jirani zetu nao hawakukaa kitako. Uganda ilimaliza jambo hili mwaka wa 2009, Mahakama yake ya Juu iliposema katika kesi ya Susan Kigula na wenzake mamia kwamba kifo hakiwezi kuwa cha lazima, na kwamba mfungwa akingojeshwa zaidi ya miaka mitatu, adhabu yake igeuke kuwa ya maisha. Bi Kigula mwenyewe alisomea sheria akiwa gerezani, akaachiliwa mwaka wa 2016. Rwanda iliifuta adhabu ya kifo mwaka wa 2007, Burundi ikafuata mwaka wa 2009. Tanzania bado inalazimisha kifo kwa mauaji, na Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliikosoa kwa hilo mwaka wa 2019. Lakini hata huko anayeiba kwa kutumia silaha huadhibiwa kwa miaka 30. Ni mingi, ila ina mwisho.

Kwetu, kilichobaki ni kazi ya Bunge, na si kazi ya miezi. Tangu Septemba 2016 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema kwamba vifungu vya wizi wa mabavu havionyeshi vyema mpaka kati ya wizi mdogo wa nguvu na ule mkubwa, wakaitaka serikali ivirekebishe. Anayeingia benki na bunduki atenganishwe na anayepora kofia. Kila daraja lipewe kiwango cha juu, na pale penye neno "atahukumiwa" pakae "anaweza kuhukumiwa". Bunge ambalo hupata nafasi ya kujadili marupurupu yake kila mwaka halitashindwa kupata alasiri moja kwa ajili ya neno hilo.

Nilipokuwa naondoka shuleni siku ile, msichana wa kidato cha tatu alinifuata hadi langoni na swali la pili. Ikiwa sheria itabadilishwa kesho, aliuliza, je, waliomo ndani watarudishwa mahakamani wasikilizwe? Nilimsomea ibara ya 50 ya Katiba, ambayo siku hizi hubeba mkobani. Inampa mshtakiwa adhabu iliyo nafuu iwapo adhabu imebadilishwa baada ya kosa kutendwa na kabla hajahukumiwa. Aliniomba niisome tena, polepole, kisha akaniambia kwamba waliokwisha kuhukumiwa hawamo katika maneno hayo. Hawamo. Mswada utakaoandikwa itabidi uwataje.